Kisu Kinachofichwa Kiganjani

Ukikiweka mezani, asiyekijua hatasema ni kisu. Ni kibao chembamba cha mti, kadiri ya kiganja cha mtoto, kimetobolewa na kupitishwa kijiti cha mwanzi. Atadhani ni kibanio cha nywele, au mchezo wa watoto uliopotelewa na kipande. Mpaka apitishe kidole kwenye ukingo wa chini ndipo atakaposhtuka: kuna ukanda wa chuma mwembamba kama wembe, umezamishwa ndani ya mti, umebakizwa nje kidogo tu.

Wajava hukiita ani-ani. Wasunda, jirani zao wa magharibi mwa kisiwa hicho hicho cha Java, hukiita etem. Kazi yake ni kuvuna mpunga, suke baada ya suke. Mvunaji, aghalabu mwanamke, hukilaza kile kijiti kukingama kiganja cha mkono wa kulia, kibao kikachomoza katikati ya vidole. Vidole hulivuta bua mpaka kwenye makali, likakatika kwa mlio mfupi mkavu, na mkono wa kushoto ukapokea suke na kulijumlisha kwenye kicha. Anayeangalia kwa mbali haoni chuma. Huona mwanamke anayepapasa mpunga.

Na ndivyo inavyotakiwa. Wajava wanasimulia kwamba ndani ya mpunga mna Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga, na Dewi Sri hapendi kutishwa. Ukimwendea na mundu, roho ya mpunga itakimbia; basi kisu hufichwa kiganjani. Mkulima asiyejali simulizi ana sababu yake pia. Mpunga wa zamani ulikuwa mrefu na haukuiva wote kwa siku moja, kwa hiyo mkono uliochagua ulichukua lililoiva na kuliacha bichi lisubiri. Sababu hizo mbili zimeishi ndani ya kibao kimoja bila kugombana.

Ninaanza na kisu hiki makusudi, kwa sababu sifa za visu vya Indonesia zote zimechukuliwa na keris. Keris ni kitu kikubwa kweli: bapa ambalo mara nyingi huwa na mawimbi, chuma kilichofuliwa tabaka juu ya tabaka mpaka likatokea ua liitwalo pamor, na mwaka 2005 UNESCO ikakitangaza kuwa urithi wa wanadamu. Lakini umaarufu huo umewapofusha watu. Kila chuma chenye ncha kitokacho kwenye visiwa hivyo wauzaji hukibandika jina la keris, wakati visu vilivyolisha watu, vikapasua henzirani na kuchonga vijiko, ni vidogo, ni vingi, na havina mawimbi hata kimoja.

Anayetaka kuvitambua asikimbilie bapa. Bapa hudanganya; linanolewa, linavunjika, linabadilishwa. Aanze na mpini, aulize mkono ulikaa wapi.

Chukua langgei puai wa Wadayak wa Kalimantan. Mara ya kwanza kuuona pichani nilidhani kuna fundi aliyekosea vipimo, maana mpini ni mrefu kuliko bapa. Bapa lenyewe ni jembamba na fupi, kama la kumenyea matunda, nyuma yake kuna mti mrefu usioeleweka. Kumbe mpini ule hauishii mkononi. Mchongaji huubana kwapani au kuulaza kwenye mkono mpaka kiwiko, kisu kikatulia tuli kama kimefungwa kwenye jiliwa, kisha huvuta henzirani kuelekea kwake. Kinachokwenda ni henzirani, si kisu. Ndiyo maana Mdayak hupata nyuzi nyembamba za upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho, za kusukia mikeka na vikapu. Na huyu mdogo hasafiri peke yake: hukaa ndani ya kijiala chake kilichofungwa ubavuni mwa ala ya mandau, lile panga kubwa la Wadayak. Makumbusho mengi yana mandau iliyobaki na kijiala kitupu. Watu walichukua silaha, wakakipoteza chombo.

Visu vya kiunoni nitavipita haraka, kwa kuwa vimeshaandikwa sana. Badik ni ya Wabugis na Wamakassar wa Sulawesi; ukiona bapa limefanya kitambi kabla ya kufikia ncha, fikiria Makassar kwanza. Rencong ni ya Aceh, na mpini wake uliopinda husemwa unafuata umbo la bismillahi. Kerambit, ukucha wa chuma wenye tundu la kidole, ni ya Waminangkabau wa Sumatra. Sasa imetekwa na filamu za ngumi, na zinazouzwa mitandaoni nyingi hazijawahi kuiona Sumatra. Wedung ya Java ndiyo inayonichekesha kwa upole: kisu kipana na kizito cha watumishi wa ikulu, walichokivaa mbele ya mfalme kuonyesha wako tayari kumfyekea njia. Sidhani wengi wao walifyeka hata jani.

Kisu ninachokihusudu ni pengrupak wa Bali, kwa sababu ni kisu cha kuandikia. Karatasi yake ni jani la lontari, na lontari ni aina ya mvumo, ndugu wa mivumo yetu. Majani huchemshwa, hukaushwa, hukandamizwa mpaka yanyooke, kisha hukatwa vipande virefu vyembamba. Mwandishi hushika kisu kwa mkono wa kulia, na kidole gumba cha kushoto, kinachoshikilia jani, ndicho kinachoisukuma ncha. Akimaliza mstari huoni kitu, mikwaruzo tu. Ndipo huchukua masizi ya kokwa za kemiri, zenye mafuta mengi hata huwaka kama mshumaa, akasugua jani lote likawa jeusi, akalifuta. Weusi ukabaki ndani ya mikwaruzo, na maandishi yakajitokeza kama yaliyokuwamo siku zote. Ikiteleza ncha, kosa nalo litapakwa masizi. Mjini Singaraja, maktaba ya Gedong Kirtya iliyoanzishwa mwaka 1928 imejaa majani hayo, na kila herufi ndani yake ni jeraha la kisu.

Ani-ani haikubahatika kupata maktaba. Mwaka 1966 taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino ilitoa mbegu ya IR8, fupi, yenye mazao mengi, na mzazi wake mmoja alikuwa Peta, mpunga mrefu wa Indonesia. Mtoto akamfukuza mzazi shambani. Mpunga mfupi unaoiva kwa pamoja na kupukutika upesi hautaki kuchaguliwa suke suke. Unataka mundu na kupurwa pale pale. Zamani wanawake wa kijiji walikwenda kuvuna kwa wingi, kila mmoja akaondoka na fungu lake la mpunga, lililoitwa bawon. Vikaja vikundi vidogo vya wanaume wenye miundu, walioletwa na mfanyabiashara aliyekwisha kununua mpunga ungali shambani. Mavuno yaliongezeka, hilo halina ubishi. Wanawake wengi walirudi nyumbani mikono mitupu, na hilo nalo halina ubishi.

Kwa hiyo ukiipata ani-ani kuukuu, usiipige msasa. Itazame pale vidole vilipokaa: mti hung'aa na kubonyea kidogo, na mbonyeo huo ndio unaoitofautisha na zile zinazochongwa kwa ajili ya watalii. Lakini kisu chenyewe hakijafa: huko Kanekes, mkoani Banten, Wabaduy ambao mila yao inawakataza kuuza mpunga wanaoulima bado wanavuna kwa etem.