Kizibo Ndani ya Gongo: Jinsi Imani za Besiboli Zilivyopimwa

Tarehe 3 Juni 2003, katika uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, gongo la Sammy Sosa lilivunjika lilipougonga mpira. Waamuzi walipookota vipande, walikuta mti umetobolewa ndani na tundu limejazwa kizibo, ile nyenzo nyepesi ya kuzibia chupa za mvinyo. Sosa, mmoja wa wapigaji walioogopwa kuliko wote wakati ule, alitolewa nje na kufungiwa mechi nane, adhabu iliyopunguzwa hadi saba baada ya rufaa. Alijitetea kwamba lile lilikuwa gongo la mazoezi alilolichukua kimakosa. Magongo yake mengine 76 yalipigwa eksirei, na yote yakakutwa hayana kitu.

Miaka tisa kabla yake, huko huko Chicago, gongo la Albert Belle wa timu ya Cleveland lilitiliwa shaka, likafungiwa katika chumba cha waamuzi. Mchezaji mwenzake, Jason Grimsley, alipanda darini, akatambaa hadi juu ya chumba kile, akashuka na kulibadilisha. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya kitu asichokiamini. Imani yenyewe ilikuwa kwamba kizibo hulifanya gongo liwe na mdundo, kwa hiyo mpira huruka mbali zaidi.

Kwa asiyeufahamu mchezo, mambo ni haya: mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye kituo cha mpigaji na kuvurumisha mpira wa gramu 145 hivi, mara nyingi kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Mpigaji ana gongo la mti. Akiupiga mpira ukavuka uzio wa mwisho wa uwanja, huzunguka vituo vyote bila bughudha na kupata pointi. Pigo hilo la kuvuka uzio ndilo linalojaza viwanja, na ndilo lililozaa imani nyingi kuhusu magongo, hewa na mipira. Wanafizikia wamezipima nyingi kati ya hizo, na ninapozipitia kazi zao naona jambo moja linajirudia: mchezaji huona sawasawa kilichotokea, ila hukosea katika kutaja sababu.

Tuanze na kizibo. Alan Nathan wa Chuo Kikuu cha Illinois, Lloyd Smith wa Chuo Kikuu cha Washington State na wenzao walichukua gongo la mti wakalitoboa tundu lenye upana wa sentimita 2.5 na kina cha sentimita 25 hivi. Hawakumwita mpigaji. Binadamu hawezi kuzungusha gongo mara mbili kwa namna ile ile, na tofauti wanayoitafuta ni ndogo kuliko tofauti kati ya pigo moja la mtu na jingine. Gongo lilifungwa kwenye mhimili upande wa mpini, likatulia, kisha mpira ukafyatuliwa kwa mzinga wa hewa kulifuata. Kwa fizikia hakuna tofauti kama gongo ndilo linaloufuata mpira au mpira ndio unaolifuata gongo, ilimradi kasi ya kukutana inajulikana. Vipima mwendo vilisoma kasi ya mpira ukienda na kasi yake ukirudi. Gongo lilipimwa likiwa zima, likapimwa tena likiwa limetobolewa na kujazwa.

Mdundo uliodaiwa haukuonekana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la American Journal of Physics, na sababu yake ni rahisi kuifuata. Gongo la aluminiamu, lile linalotumika katika michezo ya vyuo, ni bomba lenye kuta nyembamba. Kuta hizo hubonyea mpira unapotua, kisha huurudishia mpira sehemu ya nishati. Gongo la mti lililotobolewa tundu la sentimita 2.5 linabaki na ukuta wa karibu sentimita mbili za mti mgumu kuzunguka tundu zima. Ukuta huo haubonyei kiasi cha maana, kwa hiyo kizibo kilichomo ndani hakipati hata nafasi ya kubanwa.

Kinachobonyea ni mpira. Kiini chake ni kizibo na raba, juu yake zimezungushwa nyuzi nyingi za sufu, na ngozi ya ng'ombe ikashonwa kuufunika. Gongo na mpira hugusana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mpira hubanwa hadi unapoteza umbo, na takribani robo tatu ya nishati ya mgongano hupotea katika misuguano ya nyuzi zile. Ndiyo maana kubadilisha kilichomo ndani ya mti hakusaidii: upotevu hautokei kwenye mti.

Hata hivyo wachezaji waliosema gongo lenye kizibo ni zuri hawakuwa wakiota. Gongo la kawaida lina gramu 900 hivi. Likitobolewa na kujazwa kizibo hupungukiwa na takribani gramu 50, tena zote kutoka upande wa kupigia. Aliyewahi kupasua kuni anajua kwamba shoka ukilishika karibu na chuma hugeuka kirahisi, ukilishika mwisho wa mpini huwa zito, ingawa shoka ni lile lile. Gongo lililopunguzwa kichwani huzungushwa kwa kasi kubwa kidogo. Lakini kichwa hicho chepesi kikikutana na mpira husukumwa nyuma zaidi, hivyo kinaupa mpira msukumo mdogo zaidi. Faida na hasara zikijumlishwa, mpira huondoka kwa kasi ile ile au pungufu kidogo. Faida inayobaki ni ya muda. Mpira wa kilomita 150 kwa saa hukata zaidi ya sentimita nne katika kila sehemu ya elfu ya sekunde, na mpigaji mwenye gongo jepesi anaweza kusubiri kidogo zaidi, akauona mpira kwa umbali mrefu zaidi kabla ya kuamua. Kwa hiyo huenda akaugonga mara nyingi zaidi, ila hataupeleka mbali zaidi.

Kinachonisikitisha ni kwamba faida hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu bila kuvunja sheria. Kanuni huweka ukomo wa urefu na unene wa gongo la mti, lakini hazitaji uzito wa chini. Mpigaji anaruhusiwa kuchagua gongo jepesi, anaruhusiwa kulishika juu zaidi kwenye mpini, na anaruhusiwa hata kulichimba kishimo kwenye ncha, kisichozidi kina cha sentimita 3.2. Sosa alilipa mechi saba kwa kitu ambacho seremala wa kiwandani angempa kihalali.

Kutokana na majaribio ya aina hii imepatikana hesabu moja fupi ambayo naiona kuwa chombo bora kuliko vyote katika mjadala huu. Gongo zuri la mti likiupata mpira katikati ya sehemu yake ya kupigia, kasi ya mpira ukiondoka ni takribani sehemu 0.2 ya kasi uliyoingia nayo, ukijumlisha mara 1.2 ya kasi ya gongo pale ulipogusa. Mpira ukiingia kwa kilomita 150 kwa saa na gongo likawa na 115, unapata 30 na 138, jumla 168. Sasa pima imani ya zamani kwamba mrushaji mwenye kasi ndiye anayempa mpigaji nguvu ya kuvuka uzio. Ipo kweli ndani yake, lakini ni ndogo: mrushaji akiongeza kilomita 10, mpira unaoondoka huongezeka kilomita 2 tu. Mpigaji akiongeza 10 kwenye gongo lake, anapata 12.

Imani nyingine, kwamba lazima ulikaze gongo mikononi wakati wa kugonga, huanguka kwa sababu ya ule ufupi wa mgusano. Mtikisiko hutembea kwenye mti hadi mikononi na kurudi, na unaporudi mpira umeshaondoka. Nguvu za mikono zinahitajika kabla, kulipa gongo kasi na kulielekeza.

Tuje kwa mrushaji. Wapigaji wa kila kizazi wamesema kuna mpira wa kasi unaopaa, unaoruka juu unapokaribia gongo. Mrushaji hodari anayerushia juu ya bega huuachia mpira ukizunguka kinyumenyume, zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Mshono na mzunguko huo huisukuma hewa nyuma ya mpira kuelekea chini, na hewa nayo huusukuma mpira juu. Ni kani ile ile inayopinda frikiki kuzunguka ukuta wa mabeki, nayo inaitwa kwa jina la Mjerumani Heinrich Gustav Magnus, aliyeichunguza katika karne ya 19. Safari ya mpira huchukua sekunde 0.4 na kidogo. Kwa mvutano wa dunia peke yake ungeshuka karibu sentimita 85. Kani ya Magnus huokoa sentimita 40 na zaidi kidogo. Kwa hiyo mpira unashuka, ila unashuka nusu tu ya kile ambacho mtu angetarajia.

Basi kupaa kunatoka wapi? Terry Bahill wa Arizona, aliyepima macho ya wapigaji mwaka 1984 akiwa na Tom LaRitz, alionyesha kwamba hakuna mpigaji anayeweza kuufuata mpira kwa macho hadi kwenye gongo. Karibu na mwisho mpira hupita haraka kuliko jicho linavyoweza kugeuka. Mpigaji hukisia mahali utakapopita kwa alichokiona mwanzoni. Akikadiria kasi kuwa ndogo kuliko ilivyo, mpira hufika juu ya pale alipoutarajia, na kwake yeye umeruka. Hakudanganya aliposimulia. Alisimulia umbali kati ya makisio yake na mpira.

Upande wa mpira wa kupinda, walioteleza walikuwa wataalamu. Mwaka 1941 jarida la Life lilichapisha picha na kudai kwamba kupinda huko huenda ni kiini macho. Lyman Briggs, mkurugenzi mstaafu wa ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, alilifunga suala hilo mwaka 1959 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Ili kuhesabu mizunguko, alifunga utepe mwepesi kwenye mpira na kuwapa warushaji wa timu ya Washington Senators waurushe, kisha akahesabu utepe umejisokota mara ngapi. Baadaye akadondosha mipira inayozunguka ndani ya mkondo wa upepo wa maabara na kupima imehama kiasi gani. Kuhama kulifika karibu sentimita 45. Wachezaji walikuwa sahihi tangu mwanzo.

Imani ninayoipenda kuliko zote ni ya hewa nzito. Siku ya unyevunyevu, husema wachezaji, hewa ni nzito na mpira haufiki. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, wakati molekuli za hewa kavu zina wastani wa 29. Mvuke ukiingia huchukua nafasi ya kilicho kizito zaidi, kwa hiyo hewa yenye unyevu ni nyepesi, na ungetegemea mpira ufike mbele kidogo, chini ya mita moja. Mbona basi wanaona unakufa?

Jibu lilipatikana Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi. Hewa ya huko ina takribani asilimia 82 ya msongamano wa hewa ya pwani. Uwanja wa Coors Field, uliofunguliwa mwaka 1995, ukawa jehanamu ya warushaji: msimu wa 1999 pekee ulishuhudia mapigo 303 ya kuvuka uzio. Kila mtu aliilaumu hewa. Fundi mmoja wa uwanja aliona buti zake za ngozi zimekauka na kukaza, akajiuliza kama mipira, ambayo pia ni ngozi, haipatwi na jambo hilo hilo. Kuanzia mwaka 2002 timu iliihifadhi mipira katika chumba chenye unyevu wa asilimia 50, badala ya 30 hivi ya hali ya kawaida ya mji ule. Mapigo ya kuvuka uzio yalipungua kwa karibu robo. Nathan na wenzake walipima maabara wakaona kwa nini: mpira ulionyonya unyevu ni mzito zaidi na mdundo wake ni hafifu zaidi, na tofauti hiyo huupunguzia mita nne hivi za safari. Unyevu kweli huua mpira, lakini kwa kuingia kwenye sufu na ngozi, wala si kwa kuwa hewani. Tangu 2022 viwanja vyote 30 vya ligi kuu vina chumba cha namna hiyo.

Mwaka 2014 ligi hiyo ilikuwa na mapigo 4,186 ya kuvuka uzio, na mwaka 2017 yakafika 6,105. Wachezaji wakasema mpira umetiwa mdundo. Ligi iliunda kamati ya wanasayansi chini ya Nathan, nayo ikaripoti mwaka 2018 kwamba mdundo haukubadilika kiasi cha kueleza ongezeko lile. Kilichopungua ni ukinzani wa hewa dhidi ya mpira: ulikuwa unapasua hewa kwa urahisi zaidi. Wachezaji waliuona mpira umebadilika, na ulikuwa umebadilika. Ripoti ya pili, ya Desemba 2019, iliugeukia mshono, ile mishono 108 inayoshonwa kwa mkono huko Costa Rica, ikaonyesha kwamba tofauti ndogo mno za kimo chake zinaeleza sehemu ya tofauti ya ukinzani kutoka mpira hadi mpira. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, kamati iliiacha bila maelezo.