Sifa za Kilo Moja

Ukitaka kujua jimu ya mtaani imekomaa kiasi gani, usiulize uzito wao mkubwa ni kilo ngapi. Uliza mdogo kuliko yote ni upi.

Uzito mkubwa si shida katika mji ulio kando ya barabara kuu. Iguguno, wilayani Mkalama, imekaa kwenye barabara ya Singida kwenda Nzega, njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Mwanza na mpaka wa Rwanda. Penye malori pana chuma chakavu: ngoma za breki, gia zilizokatika meno, ekseli zilizopinda. Penye ujenzi pana zege. Kopo la rangi la lita nne likijazwa zege hukaribia kilo tisa na nusu. Ndoo ya lita 20 hukaribia hamsini. Kijana mwenye bomba la chuma, makopo na saruji iliyobaki kwenye msingi wa nyumba ya jirani anaweza kujitengenezea kilo mia bila kumwomba mtu ruhusa. Kilo mia anazipata. Anachokosa ni kilo moja.

Na hakuna zoezi linaloumbua upungufu huo kama kusukuma chuma kifuani ukiwa umelala chali, benchi presi, au kwa mkato benchi. Anayechuchumaa na chuma mabegani anatumia mapaja, makalio na mgongo, misuli mikubwa ya mwili. Mwongezee kilo kumi, ataguna na kuendelea. Kifua, bega la mbele na msuli wa nyuma ya mkono haviruki hatua ndefu namna hiyo. Aliyezoea kusukuma kilo 60, akiwekewa kopo la kilo tano kila upande, ameongezewa zaidi ya asilimia 16 kwa mkupuo mmoja. Chuma kitashuka, kupanda hakitapanda. Wengi hukwama hapo mwaka mzima, kisha wakaamini kwamba mwili wao umefika mwisho. Mwili haujafika mwisho. Ngazi ndiyo iliyokosa vipandio.

Nawaheshimu sana watu wanaovitengeneza vipandio hivyo kwa mikono yao, na ningependa kuwasifu kwa kueleza kazi yenyewe.

Huanza na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa ya nusu lita, ile inayouzwa kwenye madirisha ya mabasi, ikijazwa huwa nusu kilo na gramu chache za plastiki. Funga moja kila upande wa bomba, umeongeza kilo moja. Ijaze hadi kwenye kizibo ili maji yasicheze ndani, na uibane kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli ishikamane na chuma, kwa sababu uzito unaoning'inia na kuyumba humsumbua mtu bila kumjenga. Wiki inayofuata chupa hiyohiyo inaweza kumwagwa maji na kujazwa mchanga mkavu, ambao kwa lita moja huwa kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Sijui kifaa kingine cha mazoezi kinachopimika kwa uhakika kiasi hicho na kupatikana bure kiasi hicho.

Kisha mizani. Mji unaouza alizeti na vitunguu haukosi mizani, na mfanyabiashara akiombwa kwa heshima saa ambazo hakuna wateja hatakataa kupima kopo la zege. Lisipimwe likiwa bichi. Zege jipya limebeba maji, na uzito hupungua linapokauka. Makopo mawili yaliyojazwa na mtu mmoja, siku moja, kwa koleo moja, ni nadra kulingana. Tofauti ya nusu kilo kati ya kushoto na kulia haionekani kwa macho, ila bega linaijua, na baada ya miezi mkono mmoja unatangulia na mwingine unafuata. Fundi wa kweli hupima, huchonga pembe ya lililo zito, hupima tena, ndipo huandika namba kwa rangi. Namba ile ikiandikwa kwa haki, jimu imepata kitu ambacho jimu nyingi zenye vioo na feni hazina: ukweli.

Na siku ambazo hata chupa haitoshi kusaidia, kuna hesabu ya Doug Hepburn. Huyu alikuwa Mkanada wa Vancouver, aliyezaliwa mwaka 1926 na mguu uliopinda. Mwaka 1953 alitwaa ubingwa wa dunia wa kunyanyua vitu vizito mjini Stockholm, na katika miaka hiyohiyo akawa mtu wa kwanza kusukuma ratili 500 kwenye benchi, karibu kilo 227. Mbinu yake ilikuwa ya uvumilivu. Unachagua uzito na kufanya seti nane za marudio mawili. Siku ya zoezi inayofuata unaongeza rudio moja tu, kwenye seti moja tu. Siku nyingine, rudio moja kwenye seti ya pili. Unakwenda hivyo mpaka seti zote nane zimefika marudio matatu, ndipo uzito unapoongezwa na unarudi kwenye mawili.

Tufanye hesabu kwa kilo 60. Mwanzo ni marudio 16, yaani kilo 960 kwa jumla. Mwisho ni marudio 24, yaani kilo 1,440. Kazi imeongezeka nusu nzima, na kwenye bomba hakijaongezwa hata kikopo cha maziwa. Kwa mazoezi mawili kwa wiki, safari hiyo inachukua mwezi mmoja. Kwa mtu ambaye hatua yake inayofuata ni chupa mbili za maji, mwezi mmoja unatosha kabisa. Kwa mtu ambaye hatua yake ni makopo mawili ya kilo tano, nashauri azunguke mara mbili na apumzike dakika tatu au nne kati ya seti, asikimbizwe na wenzake wanaosubiri benchi.

Mbinu nyingine zipo. Louie Simmons wa Columbus, Ohio, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na siku ya uzito wa juu na siku ya kasi: seti nane au tisa za marudio matatu kwa nusu ya uwezo au zaidi kidogo, kila rudio likirushwa kwa nguvu zote. Alifunga minyororo na mipira kwenye chuma ili kizidi kuwa kizito kadiri kinavyopanda. Mipira ya matairi tunayo tele. Lakini kwa mtu wa miaka yake miwili ya kwanza naiona kuwa haraka isiyo na sababu.

Afadhali ajifunze kulala. Nasema kulala kwa sababu benchi nzuri huanza kabla chuma hakijaguswa. Mabega yanavutwa nyuma na kushushwa kuelekea kiunoni, kifua kinainuka chenyewe, mgongo unapinda kidogo, makalio hayaondoki ubaoni, nyayo zinakanyaga ardhi kwa nguvu. Chuma kinakaa juu ya kitako cha kiganja, kifundo kikiwa kimenyooka, na kidole gumba kimezunguka. Kidole gumba kisipozunguka, chuma huweza kuteleza kikaangukia shingo, na hilo halina mjadala. Chuma kinashuka hadi sehemu ya chini ya kifua, viwiko vikiwa havijatanuka kabisa wala havijabana mbavuni. Kinapanda kikirudi nyuma kidogo, kuelekea juu ya mabega.

Kati ya kushuka na kupanda kuna kutulia. Kwenye mashindano mwamuzi hatoi amri ya kusukuma mpaka chuma kimesimama kifuani, na kijana anayekidundisha kwenye mbavu anajikopesha kilo ambazo siku ya mashindano atadaiwa. Kutulia kwa hesabu ya moja, mbili, kunaifanya kilo 60 iwe nzito bila kuongeza chochote, na kunajenga nguvu palepale wengi wanapokwama, sentimita chache juu ya kifua. Na kila seti ya kusukuma ilipwe kwa seti ya kuvuta: kuinama na kuvuta bomba tumboni, au kujivuta kwenye tawi la mti. Mgongo ndio unaolishikilia bega lisitoke mahali pake.

Peke yako usifunge ncha za bomba. Ukikwama, inamisha upande mmoja makopo yaanguke. Lakini usiwe peke yako. Anayesimama kichwani mwa benchi, asiyegusa chuma mpaka kimeanza kurudi chini, anafanya nusu ya kazi, na sijaona jimu nzuri ambayo mtu huyo hapewi heshima.

Kuna jambo moja linalonifanya nilipende benchi kuliko mazoezi mengine. Kwenye Michezo ya Paralimpiki, kunyanyua vitu vizito ni benchi presi peke yake. Mwanamume mwenye nguvu kuliko wote aliyewahi kulala kwenye ubao huo, Siamand Rahman wa Iran, alisukuma kilo 310 mjini Rio mwaka 2016. Hapa jirani, Mkenya Hellen Wawira alipata medali ya shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Wanawake waliruhusiwa kushindana Paralimpiki mwaka 2000 tu, huko Sydney. Mchezo ambao Wawira amefika nao kwenye jukwaa la washindi hauhitaji uwanja, wala nyasi, wala viatu. Unahitaji ubao, na ubao wa Paralimpiki ni mrefu zaidi kuliko wa benchi ya kawaida kwa sababu miguu nayo hulazwa juu yake na kufungwa mikanda: mita 2.1 kwa urefu, sentimita 61 kwa upana, ukipungua hadi 30 upande wa kichwani, na kimo cha kati ya sentimita 48 na 50. Vipimo hivyo seremala wa Iguguno anaweza kuvisoma leo na kukabidhi kazi wiki ijayo. Msichana au kijana asiyetembea akija kulala hapo, aanze na bomba tupu, seti nane za marudio mawili, na chupa za maji ziwe tayari pembeni.