Sadaka au Kukata Tamaa? Tafakari juu ya Filamu "The Petrified Forest"

Filamu hii ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Archie Mayo kutokana na mchezo wa kuigiza wa Robert E. Sherwood, huchezwa karibu yote katika mkahawa wenye kituo cha petroli kwenye jangwa la Arizona, Marekani. Alan Squier, mwandishi aliyeshindwa na asiye na makao, afika hapo kwa miguu. Ampenda Gabrielle, binti wa mwenye mkahawa, anayetamani kwenda Ufaransa. Jambazi Duke Mantee awatekapo wote, Squier aiandika bima yake ya maisha, dola 5,000, kwa jina la Gabrielle, kisha amwomba Mantee ampige risasi.

Mhubiri aweza kuvutwa kuona hapa mfano wa Yohana 15:13. Mimi nasita. Kwanza, Squier hatoi kitu anachokithamini. Katika Gethsemane Yesu aliomba kikombe kimwepuke, Squier anakitafuta. Pili, sadaka yake yadai dhambi ya mwingine, wala roho ya Mantee haimsumbui.

Hata hivyo Leslie Howard amwigiza Squier kwa upole mwingi, hata upendo wake hatuutilii shaka. Hapo ndipo penye hatari. Mtu aweza kuketi mbele ya mchungaji akiamini kwamba kifo chake kitawafaa jamaa zake kuliko uhai wake. Tusimsifie kwa lugha ya msalaba. Tumwambie kwamba wanamhitaji yeye, akiwa hai.