Sura Iliyofichwa ya Mhusika na Uamuzi wa Mchezaji

Mhakiki wa fasihi simulizi amezoea kuitafuta hadhira jikoni kwa bibi au barazani pa wazee. Sisi tuliikuta Gakoromone, mjini Meru, katika chumba cha gemu karibu na soko: kijana mmoja akicheza, wenzake wamemzunguka wakibishana kwa Kimeru na Kiswahili. Amwachilie mzimu uliofungwa chini ya mti, au auue?

Mchezo wenyewe ni The Witcher 3, uliotolewa mwaka 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, na chimbuko lake ni riwaya za Andrzej Sapkowski. Ni mchezo wa watu wazima, na kwa maoni yetu si kwa sababu ya damu na mapenzi tu. Tutazame kisa cha Phillip Strenger. Kwanza tunamwona mwenyeji mkarimu anayemtafuta mkewe Anna na binti yake Tamara waliotoweka. Baadaye tunatambua kwamba ni mlevi aliyempiga mkewe hata mimba ikatoka. Kisha linafunuliwa jingine: mke alipata mpenzi wakati mume yuko vitani, na mume akamwua mpenzi huyo. Kila pazia linapoinuliwa, huruma yetu huhama upande.

Hapo ndipo uamuzi wa mti unapoingia. Mzimu ukiachiliwa, watoto yatima huokoka, lakini Anna hufa na Strenger hujinyonga. Ukiuawa, watoto hupotea. Anna huishi akiwa amerukwa na akili, na mumewe humpeleka kwa mganga.

Wako wanaodai kwamba uamuzi wa namna hii humfanya mchezaji kuwa mtunzi mwenza. Sisi hatukubaliani nao. Miisho yote miwili imekwisha kuandikwa. Mchezaji huchagua mlango tu, tena bila kujua unaelekea wapi. Katika Rosa Mistika (1971) Kezilahabi hatupi mlango wowote. Zakaria naye ni baba mlevi, na ukali wake kwa Rosa tunauona mapema, ila hatuna uwezo wa kumzuia. Msomaji hubaki na uchungu wa kujua bila kutenda. Mchezaji hutenda bila kujua. Sijui ni upi mzito zaidi, lakini hayo si mambo mamoja.

Ngano za mtanziko ziko karibu zaidi na kisa hiki. Mtambaji huishia kwenye swali, na hadhira huamua. Tofauti ni kwamba uamuzi wa hadhira ya ngano haumwui mtu. Mjadala unaweza kuendelea hadi kesho. Mchezo huukata mjadala kwa kamba ya Strenger. Hata hivyo, pale Gakoromone ubishi haukukatika. Kijana alirudi nyuma, akachagua njia ya pili, na kelele zikaanza upya. Kwa hiyo uhai wa kazi hii tuliuona zaidi kwa waliozunguka kiti kuliko kwa aliyekikalia.

Udhaifu mkubwa uko kwa Anna. Ya Strenger tunayasikia kinywani mwake mwenyewe, kwa machozi na kwa kirefu. Anna hupewa maneno machache, na kifo chake au wazimu wake hugeuka kipimo cha toba ya mumewe. Msichana pekee aliyekuwamo chumbani alisoma majibu yaliyoorodheshwa kwenye kioo, akauliza mbona hakuna hata moja la kumwuliza Anna anataka kupelekwa wapi. Mchezaji alitafuta, hakuliona.