Majina Yaliyokuwa Mezani: Jinsi The Hawthorne Legacy Ilivyofukua Siri Zake

Fumbo likishafumbuliwa halina deni tena kwa msomaji. Ndiyo maana mwendelezo wa riwaya ya upelelezi ni kazi ngumu kuliko riwaya iliyoutangulia: msomaji anarudi akiwa ameshazijua mbinu za mwandishi, wahusika si wageni kwake, na swali lililomvuta mara ya kwanza limeshapata jibu. Waandishi wengi hujinasua kwa kuleta maiti nyingine na adui mwingine, kitabu cha pili kikawa jirani wa kile cha kwanza badala ya kuwa mtoto wake. Jennifer Lynn Barnes, Mmarekani aliyesomea sayansi ya utambuzi na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, hakupita njia hiyo. The Hawthorne Legacy, aliyoitoa mwaka 2021, haiendi kutafuta siri nje ya The Inheritance Games ya mwaka 2020. Inakirudia kitabu kile kile, inakipekua kama mpelelezi anayerudi katika chumba alichokwisha kukikagua, na kutuonyesha kwamba ushahidi ulikuwa mezani muda wote. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumpa kijana riwaya hii, na inayapita mapenzi, majumba na mabilioni ambayo mashabiki wake huanza kuyataja.

Mzizi wa hadithi ni wasia. Tobias Hawthorne, bilionea wa Texas, anafariki na kuacha karibu mali yake yote, dola bilioni 46.2, kwa Avery Kylie Grambs, mwanafunzi wa sekondari asiye na kitu kutoka Connecticut, ambaye kwa kadiri anavyojua hana uhusiano wowote na marehemu. Binti wawili wa tajiri huyo, Zara na Skye, wanaambulia makombo. Wana wanne wa Skye, ambao walilelewa wakidhani wao ndio warithi, nao hali kadhalika. Ili arithi, Avery lazima akae mwaka mzima katika jumba la Hawthorne pamoja na watu hao hao waliokoseshwa. Msomaji wa pwani yetu anaweza kuuliza hapo hapo: inawezekanaje? Kwa sheria ya Kiislamu, wasia hauvuki theluthi ya mali, na kalamu ya mzazi haina uwezo wa kumfutia mtoto fungu lake. Texas mambo ni mengine. Huko mzazi anaweza kumwacha mtoto wake mtu mzima bila senti, almuradi wasia umeandikwa kwa akili timamu na bila kushurutishwa. Tofauti hii ina uzito katika ujenzi wa riwaya. Mahali ambapo mirathi hufuata nasaba, ukijua mtu ni mtoto wa nani umeshajua atapata nini. Texas maswali hayo mawili yanaweza kutenganishwa, na Barnes ameyatenganisha kwa makusudi: kitabu cha kwanza amekipa swali la mali, cha pili akakipa swali la damu.

Mabadiliko hayo ya swali ndiyo bawaba ya mwendelezo huu. (Nitafichua baadhi ya mambo, kwa sababu haiwezekani kueleza kufuli limetengenezwaje bila kulifungua; lakini jibu la mwisho nitaliacha mahali pake.) The Inheritance Games inafungwa kwa habari kwamba Toby, mtoto pekee wa kiume wa Tobias, aliyeaminika kufa katika moto uliozuka kisiwani kwa familia yake miaka ishirini iliyopita, yuko hai. Tena Avery anamfahamu. Ni Harry, mwanamume asiye na makazi aliyekuwa akicheza naye sataranji bustanini. Tulipoisoma michezo ile ya sataranji mara ya kwanza, tuliichukua kama picha ya tabia: binti mwerevu, mwenye huruma, anayemheshimu mtu ambaye wengine humpita bila kumtazama. Mwendelezo unaichukua picha ile ile na kuifanya ushahidi. Kisha unaongeza la pili: saini iliyo katika cheti cha kuzaliwa cha Avery, kwa jina la baba yake Ricky Grambs, imeandikwa kwa mwandiko wa Toby. Kuanzia hapo swali la “kwa nini mimi?” linakuwa “mimi ni nani?”, na swali la pili linauma zaidi, kwa kuwa la kwanza lilikuwa na wanasheria wa kulisimamia na hili halina mtu.

Ufundi wenyewe unaonekana vizuri kuliko popote katika majina. Katika kitabu cha kwanza, wajukuu wanne wanatajwa kwa majina kamili: Nash Westbrook, Grayson Davenport, Jameson Winchester na Alexander Blackwood, huyu wa mwisho akiitwa Xander. Avery na ndugu hao wanagundua kwamba majina ya kati ndiyo kidokezo. Kila moja linaelekeza mahali fulani au kitu fulani katika jumba na viwanja vyake, kila kitu kinatoa tarakimu, na tarakimu zikipangwa zinatoa siku ya kuzaliwa ya Avery. Msomaji anaridhika: majina yametoa siri yake, basi yamekwisha kazi. Kumbe yametumika nusu. Mwendelezo unafichua kwamba Skye, aliyezaa kila mtoto na mwanamume wake na hakuwahi kuwatambulisha baba zao, alimpa kila mwana jina la ukoo la baba yake liwe jina lake la kwanza. Grayson ni mtoto wa mtu anayeitwa Sheffield Grayson. Siri ambayo vijana hawa wameishi nayo maisha yao yote ndiyo waliyokuwa wakiitwa nayo kila asubuhi. Tazama jinsi mwandishi alivyotupotosha bila kutudanganya: alitufundisha kuyatazama majina ya kati, tukayatazama kwa bidii, na bidii hiyo ikatupofusha tusiyaone yale ya kwanza. Mtu aliyesomea namna akili inavyogawa umakini wake anajua kwamba jicho likishapewa kazi huacha kuzurura.

Jina la Avery nalo limefanyiwa hivyo hivyo. Kitabu cha kwanza kilipanga upya herufi za jina lake kamili zikatoa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kamari ya hatari kubwa, na sisi tukachukulia kwamba ndiyo maelezo yote ya jina hilo. Katika kitabu cha pili tunakutana na Kaylie Rooney, msichana aliyeteketea katika moto wa kisiwani, ambaye jina lake na lile la kati la Avery yanatofautiana kwa herufi moja. Jina lililokuwa mchezo wa maneno linageuka kuwa kumbukumbu ya marehemu. Hapa fumbo linaacha kuwa hesabu. Kaylie alikuwa binti wa watu wanyonge, wavulana waliokufa naye walikuwa wa matajiri, na lawama ya moto alitwishwa yeye huku jina la Hawthorne likibaki safi. Kwa hiyo siri ya familia katika riwaya hii si doa la kuonea haya tu. Ina mtu aliyeilipia, na mtu huyo hakuwa wa familia. Laiti Barnes angekaa zaidi na akina Rooney, maana wao ndio wanaoupa mwendelezo uzito ambao kitabu cha kwanza hakikuwa nao. Anapita haraka, na kwa kasoro hiyo namlaumu kweli.

Mkosoaji makini atauliza: tunajuaje kwamba haya yote yalipangwa? Pengine mwandishi alimaliza kitabu cha kwanza, kikapendwa, kisha akakaa akitafuta pa kushonea kiraka. Swali ni la haki, lakini linatazama mahali pasipofaa. Alichokusudia mwandishi hakipimiki. Kinachopimika ni kurasa. Chukua jambo lolote la kitabu cha kwanza ambalo mwendelezo unalitegemea, urudi ukalisome lilipo. Je, limebidi libadilishwe ili jibu jipya likae? Majina hayajabadilishwa hata herufi. Sataranji haikubadilishwa. Jipya ni maana yake. Mwandishi aliyeona mapema na aliyeona baadaye wote wawili wamewatendea haki wasomaji wao iwapo kidokezo kilikuwapo na kila mtu angeweza kukiona. Kwa kipimo hicho hicho, ule mwandiko katika cheti cha kuzaliwa unapungukiwa. Mwandiko ni kitu cha macho, na msomaji hana macho ya Avery; tunaambiwa unafanana, nasi hatuna ila kuamini.

Lawama nyingine ni za mwendo, na baadhi nazikubali. Sura ni fupi sana na nyingi zinakatika penye taharuki, kwa hiyo msomaji anasukumwa mbele hata pale ambapo angehitaji kutua. Mlipuko wa ndege ya Avery ni tukio kubwa lenye faida ndogo: unaongeza hofu, lakini haumsogezi karibu na swali lake. Mvutano wa mapenzi wa Avery kati ya Jameson na Grayson unachukua kurasa ambazo Kaylie angestahili. Hata hivyo, mapenzi hayo yameunganishwa na fumbo kwa akili. Avery akiwa mtoto wa Toby, vijana hao wanakuwa binamu zake, jambo ambalo msomaji wa pwani, ambako binamu kuoana si ajabu, huenda asiliogope, lakini kwa msomaji wa Marekani linatisha. Barnes analiondoa kwa siri nyingine: Toby mwenyewe aliasiliwa, na alipoigundua habari hiyo ndipo alipovunjika. Kuta za chumba chake katika jumba zimejaa maandishi ya wino usioonekana mpaka zimulikwe kwa taa maalumu. Siri moja inatumikia mapenzi, msiba na nasaba kwa mpigo, na hakuna iliyofungwa kwa kamba ya ziada.

Wapo pia wanaosema kitabu kizuri kisimame kwa miguu yake, na hiki hakisimami: asiyesoma cha kwanza atapotea tangu sura za mwanzo. Waliolelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Mohamed Said Abdulla, watalihisi hilo zaidi. Mtu anaweza kuanza na Kisima cha Giningi bila kugusa Mzimu wa Watu wa Kale, kwa kuwa kinachoendelea pale ni mpelelezi na kiko chake, kesi zikibadilika. Huo ni mfululizo, na una heshima yake. Mwendelezo ni kitu kingine. Bwana Msa huja kwenye siri za nyumba za watu wengine kisha akarudi kwake. Avery hana pa kurudi, kwa sababu nyumba anayoichunguza huenda ikawa yake. Mpelelezi wa namna hiyo hawezi kupewa kesi mpya kila mwaka. Ana kesi moja, na ni yeye mwenyewe. Kitabu chake cha pili kinalazimika kukiegemea cha kwanza, kama vile mtu mzima asivyoweza kusimuliwa bila utoto wake.

Na kuna jambo moja ambalo wachambuzi wengi hulipita wakikimbilia kuuliza Avery ni wa nani. Kabla ya jumba na mabilioni, alikuwa na Libby, dada yake wa baba mmoja na mama mbalimbali, aliyemchukua na kumtunza baada ya mama yake Avery kufariki. Wanachochangia wawili hawa kwa damu ni Ricky Grambs peke yake, baba asiye na faida kwa yeyote kati yao. Kila ushahidi unaomsogeza Avery kwa Toby, mwanamume aliyemchagulia jina, unamwondoa Libby hatua moja. Anaendelea kuufuata ushahidi, sura baada ya sura, huku Libby akiwa katika jumba lile lile, vyumba vichache kutoka kwake.