Giaboksi ya Sierra, Injini ya Longbridge

Mtu wa kwanza kuikata Morris Minor vipande viwili ni mwenyewe aliyeibuni. Alec Issigonis alilitazama gari la majaribio, akaliona limebanwa, akaamuru mafundi walipasue katikati kwa urefu, kisha wazisogeze nusu zile mpaka jicho lake liridhike. Ziliongezeka inchi 4. Alama ingalipo juu ya boneti: ule utepe wa bati ulioinuka katikati ni kiraka kilichowekwa muda mfupi kabla gari halijaonyeshwa hadharani mwaka 1948.

Wapo wanaoshikilia kwamba gari la kale lisiguswe, libaki lilivyotoka kiwandani. Lilivyotoka mwaka gani? Minor ina nafasi kubwa chini ya boneti kwa sababu Issigonis alikusudia kuiwekea injini ya silinda 4 zilizolala, mbili upande huu na mbili upande ule. Injini hiyo haikufika sokoni. Badala yake ikafungwa ya Morris ya zamani, ya cc 918. Austin na Morris walipoungana mwaka 1952, ikaja ya Austin ya cc 803, ikafuata ya 948 mwaka 1956, na ya 1,098 mwaka 1962. Umbo lilelile, injini nne. Kiwanda ndicho kilichoanza mchezo huu, na fundi anayeshusha injini Jumamosi asubuhi anaendelea pale walipoachia wenzake.

Minor nyingi ziliundwa Cowley, Oxford, lakini injini hizo za Austin ni za Longbridge, pembezoni mwa Birmingham, katika kiwanda alichokianzisha Herbert Austin mwaka 1905. Ukoo wao unaitwa A-series. Ulianza ndani ya Austin A30 mwaka 1951, ukakua hadi cc 1,275, ukafika mpaka kwenye Mini ya mwisho ya Oktoba 2000. Undugu huo ndio unaomwezesha fundi kuchukua injini ya 1,275 kwenye Morris Ital iliyooza bodi, akaikalisha ndani ya Minor kwa kubadilisha vipande vichache vya nje.

Kuikalisha si kazi kubwa. Kazi iko kwenye silinda hedi. A-series ina silinda 4 lakini matundu 5 tu: mawili ya kuvuta hewa na petroli, kila moja likilisha silinda mbili, na matatu ya kutolea moshi. Silinda jirani zinagombea pumzi. Fundi huingiza jiwe dogo la kusagia, akalainisha ukuta unaozitenganisha, akapanua koo la valvu kidogo kidogo, maana nyuma ya chuma hicho yanapita maji ya kupozea, na mwenye pupa hukitoboa. Kisha hupima. Hufunika chumba cha kuchomea kwa kipande cha plastiki chenye tundu, akamimina mafuta mepesi kutoka kwenye bomba la kioo lenye alama, akasoma kila chumba kimepokea mililita ngapi. Vikipishana, anarudi kusaga.

Lakini kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya giaboksi. Minor ina gia 4, na ya kwanza haina sinkro, kwa hiyo hutakiwi kuiingiza gari likiwa bado linatembea. Ukiipandisha barabara kuu ya M6, injini inalia kama inaonewa, kwa kuwa imekosa gia ya tano ya kupumzikia. Dawa iliyozoeleka ni giaboksi ya Ford Sierra ya miaka ya 1980, ile inayoitwa Type 9. Uwiano wa gia yake ya tano ni karibu 0.82: pale injini ilipokuwa ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, sasa inazunguka mara 3,280 kwa mwendo uleule.

Hesabu ni nyepesi, chuma ni kigumu. Waliochora giaboksi ya Ford hawakuwa na injini ya Austin akilini. Inabidi kuwe na kava la klachi jipya la alumini, au pleti ya kuziunganisha, na ncha ya shafti ya giaboksi iingie barabara kwenye bushi iliyo mkiani mwa krenkshafti. Hapo fundi hufunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, akaizungusha injini kwa mkono polepole huku akiufuata mshale. Wengi hawakubali ucheze zaidi ya sehemu tano za elfu moja ya inchi. Ukizidi, gia zitaanza kuchomoka, beringi zitakufa mapema, klachi itatetemeka, na hakuna hata moja kati ya hayo litakaloonekana siku ya kwanza. Gari litatoka gereji likivuma vizuri na mwenyewe atalipa kwa furaha. Kurudia kupima jambo ambalo mteja hataligundua kabla ya mwaka kupita, huo ndio ufundi ninaousifu.

Baada ya hapo yanafuatana. Klachi pleti lazima iwe na meno yanayolingana na shafti ya Ford. Propela shafti inakatwa, inachomelewa, inasawazishwa. Waya wa spidi mita unabadilishwa, la sivyo saa itamdanganya dereva. Na injini ya kwanza ya Austin ndani ya Minor ilikuwa na nguvu farasi 30 tu. Ukizizidisha mara mbili, breki za wakati ule hazitoshi. Fundi ninayemwamini huanza na breki. Birmingham ilipewa jina la mji wa kazi elfu moja, na kwa shughuli hii mtu anahitaji nyingi kati ya hizo: mkerezaji, msaga krenkshafti, mchomeleaji.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hatashangaa. Land Rover, iliyozaliwa mwaka 1948 huko Solihull, jirani na Birmingham, imefungwa injini za Toyota na Isuzu na mafundi wetu kwa miaka mingi, pleti ikichongwa kwa mkono. Huko shida ndiyo iliyofundisha, huku ni mapenzi. Mimi nawapa heshima moja.

Huko Uingereza hata sheria ilikuwa upande wa mafundi wa Minor. Kwa miaka mingi DVLA, ofisi ya usajili wa magari ya Uingereza, ilitaka gari lililobadilishwa lifikishe alama 8 ili lilinde namba yake. Bodi au chasi ya asili ilipata 5, giaboksi pamoja na mfumo wake 2, injini 1, na sehemu nyingine za asili ziliongeza zake, kwa hiyo kubadilisha injini na giaboksi peke yake hakukulinyang'anya gari namba.

Sasa Sierra zenyewe zinakwisha. Ford iliacha kuziunda mwaka 1993, ikaleta Mondeo inayovuta kwa magurudumu ya mbele, ambayo giaboksi yake haisaidii kitu hapa. Wapo mafundi waliogeukia giaboksi ya Mazda MX-5, gari la Kijapani lenye shafti nyingine, meno mengine na mpangilio mwingine wa boliti, na vipimo vyote inabidi vichukuliwe upya.