Tiki Moja, Nywila Kila Asubuhi

Dirisha la GNOME Keyring linalodai nywila kwenye Ubuntu na mifumo ya jamii yake huchomoza mara tu Chrome inapofunguliwa baada ya mashine kuwashwa. Skrini nzima hufifia, kazi nyingine husimama, na maandishi ya dirisha hukiri kosa waziwazi: kasha la Login halikufunguliwa mtumiaji alipoingia. Kosa hilo si la Chrome wala si la mtumiaji. Lilizaliwa siku ya kusakinisha mfumo, kisakinishi kilipomruhusu mtu achague kuingia moja kwa moja, kisha kikanyamaza kuhusu kasha.

Utaratibu wa kawaida hauna dosari. Kasha, hifadhi ya siri za programu, ni faili liitwalo login.keyring, linalokaa ndani ya ~/.local/share/keyrings, nalo limesimbwa kwa ufunguo unaotokana na nywila ya akaunti. Nywila ikiandikwa kwenye GDM, yaani skrini ya kuingilia, mfumo wa uthibitishaji wa PAM huikabidhi moduli ya pam_gnome_keyring, na kasha hufunguka papo hapo bila mwenyewe kujua kwamba lipo.

Anayeingia moja kwa moja hupita njia nyingine. Faili la gdm-autologin hutumia pam_permit, moduli isiyouliza mtu chochote. Kwa kuwa nywila haikuandikwa, pam_gnome_keyring haina cha kupokea, na kasha hubaki limefungwa huku eneokazi limeshafunguka. Baadaye Chrome huja kutafuta ufunguo wake, Evolution huja kutafuta nywila ya barua pepe, na kila ombi linalokataliwa huacha kasha limefungwa vilevile. Ndiyo maana kubonyeza Ghairi hakumalizi shauri: programu inayofuata huleta dirisha lilelile.

Uamuzi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ulifanywa mahali ambapo kila taarifa ilikuwa mezani. Kisakinishi cha Ubuntu huuliza jina, hupokea nywila mara mbili, na kwenye skrini hiyohiyo huuliza kama nywila idaiwe wakati wa kuingia. Kinajua kama diski itasimbwa. Kinajua kwamba GNOME itaunda kasha kwa nywila hiyohiyo. Kingeweza kuonya kwa sentensi moja, au kufunga njia hiyo kwa diski isiyosimbwa, au kuunganisha ufunguo wa kasha na ule wa diski. Kilichofanyika ni kuweka chaguo, kulipamba kama starehe, na kumwachia bili mtu wa kesho asubuhi. Ni kweli kwamba kudai nywila ndilo chaguo la awali. Lakini chaguo linalotolewa bila kutajwa gharama yake ni mtego, hata kama halijatiwa tiki.

Watetezi wa hali hii husema dirisha hilo ni ulinzi: aliyefungua mlango wa mbele angalau amebakiwa na kasha lililofungwa. Hoja hiyo inashikilia jambo moja tu, yaani faili lililolala kwenye diski mashine ikiibwa. Kasha likishafunguliwa, programu yoyote ya mtumiaji huyo inaweza kuomba siri zake kupitia D-Bus, njia ya mawasiliano kati ya programu, na kupewa. Jambo hilo lilisajiliwa mwaka 2018 kama CVE-2018-19358, na GNOME ikalipinga kwa maelezo kwamba ndivyo mfumo ulivyokusudiwa. Kwa hiyo mtu anaombwa nywila bila njia ya uhakika ya kujua nani anaomba, na jibu lake linawafungulia wote. Zaidi ya hapo, anazoeshwa kuandika nywila ya akaunti kwenye dirisha lolote linalochomoza, zoea ambalo mwizi wa nywila angelilipia fedha.

Tiba zinazosambaa ni za funika kombe mwanaharamu apite. Ya kwanza ni kuliwekea kasha nywila tupu: dirisha linakoma, na siri zote zinaandikwa kwenye faili bila kusimbwa. Ya pili ni kuiwasha Chrome kwa --password-store=basic. Hapo kivinjari husimba kwa nywila iliyoandikwa ndani ya msimbo wake, na nywila hiyo ni «peanuts». Karanga! Kila anayesoma msimbo wa Chromium anayo, na nywila zilizohifadhiwa awali kwa ufunguo wa kasha hazisomeki tena. Watu hawakufika huko kwa uzembe; walisukumwa na dirisha.

Ugonjwa huohuo huonekana kwa anayeingia kwa alama ya kidole, kwani kidole hakileti nywila, na kwa akaunti ambayo root ameibadilishia nywila, kwani kasha hubaki na ile ya zamani.

KDE, eneokazi jingine la Linux, haina la kujivunia. Kasha lake, KWallet, humuuliza mtu siku ya kwanza achague kusimba kwa Blowfish au GPG, bila kumwambia kwamba akichagua GPG, kwallet-pam haitaweza kulifungua kasha lake anapoingia. Na hiyo Blowfish, kabla ya KDE Applications 14.12, ilisimba kwa hali dhaifu ya ECB pale ilipopaswa kutumia CBC. Kasha lililosumbua watu kiasi kile lilikuwa linalinda kwa kufuli bovu.

Yote haya yalikwisha kutatuliwa na watu waliotangulia. Ssh-agent, programu ya kutunza funguo za SSH iliyotokana na kazi ya Tatu Ylönen ya mwaka 1995, huuliza mara moja, kisha husaini kwa niaba ya programu bila kuzipa ufunguo. Factotum ya mfumo wa Plan 9, iliyoelezwa mwaka 2002 na Russ Cox, Rob Pike na wenzao, ilikwenda mbali zaidi: funguo huletwa kutoka hifadhi ya secstore kwa nywila moja, na factotum ndiyo inayozungumza itifaki ya utambulisho, programu zikibaki bila kuziona siri. Secret Service, kiolesura cha D-Bus ambacho programu za Linux hutumia kuomba siri za kasha, ilikuja baada ya kazi zote hizo, na bado ikachagua kugawa siri zenyewe.

Hata hivyo, kwa anayeingia moja kwa moja kwenye GNOME, moduli ya pam_gdm ni kazi nzuri: huchukua nywila ya diski iliyosimbwa kwa LUKS iliyobaki kwenye kiini cha mfumo na kuipitisha kwa kasha.

Njia hiyo hufanya kazi kwenye mifumo inayofungua diski kwa systemd, kama Fedora, mradi nywila ya diski iwe sawa na ya kasha. Kwingineko, msomaji afungue Mipangilio, aende sehemu ya Watumiaji, azime kuingia moja kwa moja, na aandike nywila yake kwenye GDM. Kasha litafunguka hapohapo.